Gitaa Lilipoanza Kuuma

Jumatatu, 2 Oktoba

Kitabu hiki nimepewa na mwenye duka la mbegu pale Siakago, kwa sababu nimenunua ndengu kwake misimu minne bila kumtukana. Ni diary ya mwaka huu na imebaki miezi mitatu tu, lakini mtu hakatai kitu cha bure. Karimi ameniambia, "Mami, andika ya shamba. Umepanda lini, mvua imekuja lini." Nitaandika. Lakini siwezi kushika kalamu nianze na ndengu wakati nina mtoto kama yule.

Kwa hivyo kwanza iandikwe: msichana wangu Karimi, miaka ishirini na tatu, anayefanya kazi kwa duka la fotokopi, ndiye sasa mpiga gitaa la stima wa Kanisa la Kichaka cha Moto. Msichana! Jana ilikuwa mara yake ya kwanza. Amechukua nafasi ya Gitobu, mpwa wa Mzee Rwamba, na Mzee Rwamba ndiye alilinunulia kanisa ile spika kubwa nyeusi inayotoa sauti ya gitaa. Sasa fikiria huyo mzee amekaa benchi la mbele, na spika yake inaimba kwa mkono wa mtoto wangu. Nilivaa kitambaa kipya. Sikujificha.

Mvua bado. Redio inasema mwaka huu inakuja ile ya El Nino. Redio ilisema hivyo pia mwaka tuliokula mbegu.

Jumapili, 8 Oktoba

Nitasema ukweli kwa vile hakuna mtu atasoma hapa. Leo sikufurahi sana. Gitobu alipokuwa akipiga ulimsikia ukiwa sokoni. Anachapa nyuzi zote sita kama mtu anayepura mtama, hapumziki, hata wakati wa maombi anachapa. Karimi yeye anagusa. Anagusa uzi mmoja, anauacha ulie, anangoja mpaka unadhani amesahau wimbo, ndipo anagusa mwingine. Nilimwashiria kwa mkono kutoka benchi la pili: ongeza! Akatabasamu, akapunguza.

Nyumbani nikamuuliza, "Kwani hiyo stima ni ya babako ndiyo unaibania?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akaleta gitaa, akaweka kidole changu juu ya uzi. "Bonyeza." Nikabonyeza kama mtu anayekanda ugali, likatoka kitu kama paka aliyekanyagwa. "Sasa legeza. Bonyeza vile unabonyeza parachichi sokoni wakati mwenyewe anakuangalia." Nikalegeza. Uzi ukalia safi, na ukaendelea kulia hata nilipokuwa nimeanza kujisifu.

"Umeona? Spika haitengenezi sauti, Mami. Inakuza tu kile kidole kimesema. Ukichapa kwa nguvu, zote zinatoka na uso mmoja, kama watu wanaogombana. Ukigusa, kila moja inakuja na uso wake."

Akanionyesha kwamba ukigusa karibu na shingo ya gitaa sauti ni ya mviringo, kama uji wa mawele, na ukigusa kule mwisho karibu na chuma ni kali kama ndimu. Nyuzi ni zile zile. Mkono ni ule ule. Na kile kitufe cha sauti huwa anakizungusha mpaka nusu tu.

"Nusu hiyo nyingine ni ya nini?"

"Ni ya kuweka. Watu wakijua uko na nguvu na hujaitumia, wanasikiliza."

Jambo lingine nililoliona mwenyewe: Karimi akiinua mikono, spika hunguruma mmmm. Akiweka kidole juu ya nyuzi, inanyamaza, kama mtoto aliyebebwa. Nimeshawaambia akina mama wote wa kikundi chetu kwamba hata spika inamjua.

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimepanda ndengu kwa vumbi. Mungu anajua.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua ilikuja Ijumaa na haikubisha hodi. Kanisa letu limejengwa chini ya mteremko, kwa hivyo maji yamepita chini ya ukuta wa nyuma, yamelowesha simiti mpaka benchi la mwisho, na hata kule mbele simiti imeshika unyevu.

Lakini sikukaa chini kuandika maji. Katikati ya wimbo wa pili, Karimi alitetemeka. Bega liliruka, mkono ukatoka kwenye nyuzi, ukarudi. Halafu tena. Alikuwa amesimama madhabahuni bila viatu, kama sisi sote tunavyovua tukipanda pale, kwa sababu Bwana alimwambia Musa avue mbele ya kile kichaka. Watu wakanyamaza. Na mimi, nani tena, nikasimama nikapaza sauti: "Ni Roho! Roho amemshika mtoto wangu!"

Kanisa lililipuka. Pasta Njeru alipiga magoti. Lorna, rafiki yangu na mshindani wangu tangu darasa la tatu, alilia mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Baada ya ibada nilisimama mlangoni nikisalimiwa kama mama wa bibi harusi.

Jumanne, 17 Oktoba

Tukichambua mboga, Karimi akasema, "Mami, ya Jumapili haikuwa Roho. Gitaa lilinipiga. Stima inavuja."

"Inavuja kama maji?"

"Kama siafu. Kutoka kidole mpaka kiwiko."

Nikamwambia hata Yeremia alisikia moto ndani ya mifupa. Akaniangalia vile anavyomwangalia mtu aliyeleta kitambulisho kilicholowa akitaka fotokopi.

Amekwenda kumwambia Mzee Rwamba, ingawa nilimkataza. Mzee alimjibu, "Gitobu amepiga hiyo spika miaka miwili na haikumuuma. Labda inachagua." Nimekasirika sana. Lakini ni kweli pia kwamba miaka hiyo miwili ilikuwa ya ukame.

Jumapili, 22 Oktoba

Watu wametoka hata Runyenjes, kwenye majani chai na baridi yao, kuja kumwona msichana anayeshikwa na Roho kwa gitaa. Wanawake wawili walinishika mkono wakasema wamesikia habari zangu. Zangu! Karimi alitetemeka mara tatu na kila mara kanisa likaitikia.

Maji: benchi la nne kutoka nyuma. Mashemasi waliweka magunia.

Mngurumo wa spika leo haukunyamaza Karimi alipoweka kidole. Uliongezeka. Nimeuona kwa sababu siku hizi mimi ni mtaalamu.

Jumatano, 25 Oktoba

Ndengu zimeota zote. Mvua.

Jumapili, 29 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kuleta sadaka ya mazao na kuku. Shemasi alifunga jogoo wa Lorna kwa kamba ya katani kwenye mkono wa kubebea spika, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine. Jogoo mkubwa mwekundu, Lorna alikuwa amemtaja mara nne kabla hata hatujaketi. Wakati wa mahubiri alikuwa akidonoa zile skrubu zinazong'aa nyuma ya spika. Nilimwona. Nikaangalia pembeni, nikaangalia tena, alikuwa amelala na miguu imenyooka.

Lorna alisema ni mimi nimemtazama vibaya. Shemasi alisema ni kideri, kuku wote wanakufa mvua ikizidi. Jogoo alitolewa ameshikwa mguu kupitia mlango wa nyuma.

Kuku wa kideri huinamisha shingo siku mbili kabla ya kufa. Nimefuga kuku tangu niolewe.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua. Nimefua nguo, hakuna iliyokauka.

Jumapili, 5 Novemba

Pasta Njeru ametangaza: tarehe ishirini na sita Askofu atakuja. Tena anatafuta mpiga gitaa wa kanisa kuu la Meru, kazi ya kudumu, na kufundisha vijana muziki. Watu wote waligeuka wakaniangalia. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini si sana.

Karimi alimwomba Pasta ruhusa ya kuvaa patipati za mpira madhabahuni. Pasta hakumkaripia, ni mtu mpole. Alisema tu, "Binti yangu, Musa alivua. Na wewe ambaye Bwana anakushika mbele yetu, utavaaje?"

Maji yamevuka katikati ya kanisa. Madhabahu yetu imeinuka kiganja kimoja tu.

Jumatano, 8 Novemba

Nilikwenda Meru mjini kumwona dada yangu aliye hospitali, na Karimi akanituma nyuzi kwa Abdimalik. Huyo ni fundi wa redio karibu na stendi, Mwislamu, mtu wa maneno mengi kama mimi. Ndiye alilitengeneza gitaa la Karimi lilipokuja limevunjika shingo, na anatengeneza spika za misikiti na za makanisa bila ubaguzi.

Nikamsifia mtoto. Nikamwambia jinsi Roho anavyomshika, na watu wanavyotoka mbali. Alicheka. "Mama, huyo Roho wenu anakuja siku za mvua tu?"

Nikahesabu. "Ndiyo."

Akaacha kucheka. Akaweka chini bisibisi yake.

"Nani alifunga plagi ya hiyo spika?"

Nikakumbuka. Mzee Rwamba mwenyewe, siku ya kuizindua. Plagi ilikuja na miguu mitatu, na ile ekstensheni inayotoka nyumba ya Pasta ina matundu mawili. Mzee aliomba koleo, akakata mguu mmoja mbele yetu, akasukuma ikaingia. Tulimpigia makofi.

"Huo mguu alioukata ndio wa kupeleka stima mbaya ardhini," Abdimalik akasema. "Spika ikizeeka ndani inavuja, na ile inayovuja lazima ipate njia. Sasa njia ni mtoto wako. Sakafu ikiwa kavu, hiyo njia ni ya mbuzi. Ikilowa, ni lami."

Nikashika kaunta.

"Anapiga kwa nguvu?"

"Hapana. Anagusa tu."

"Alhamdulillahi. Mkono unaogusa unaruka. Mkono unaokamata, stima inaufunga, mtu hawezi kuachilia hata akitaka. Niletee hiyo spika, mama, nitaifunga bure. Na sikiliza: ukiona mtu ameshikwa, usimguse, hata akiwa ni mwanao. Vaa mpira miguuni, toa plagi."

Nilirudi nyumbani na nyuzi. Sikujisifu kwa mtu njia nzima.

Jumapili, 12 Novemba

Nilimwona Pasta kabla ya ibada. Nilimwambia yote ya Abdimalik. Mvua ilikuwa ikipiga mabati.

"Mama Karimi, ni wewe ulisema ni Roho."

"Ni mimi."

"Nimehubiri juu ya hilo Jumapili nne. Askofu ameandikiwa barua. Sasa nimwambie ilikuwa ni plagi? Na Mzee Rwamba nimwambie alileta kitu cha kuua watu?" Akajipangusa uso. "Ipite tarehe ishirini na sita. Nakuahidi. Tutaita fundi."

Nilipaswa kusimama palepale nipige kelele. Mimi ninayepiga kelele hata bei ya nyanya ikipanda. Lakini niliona akilini uso wa Lorna akisikia kwamba Roho wa mtoto wangu ni waya. Nikasema, "Sawa, Pasta."

Karimi naye anaitaka Meru. Nilipomweleza, alisema, "Mami, najua. Wiki mbili tu. Nitagusa kidogo zaidi."

Alipiga. Maji yamefika benchi la pili kutoka mbele, benchi langu.

Ijumaa, 17 Novemba

Palizi. Udongo unashika miguu.

Jumapili, 19 Novemba

Sijui kama nitaweza kuandika hii vizuri. Nina darasa la saba tu.

Leo watu walisema Karimi hajawahi kupiga vizuri hivyo. Polepole, kwa unyenyekevu, sauti ndogo kabisa. Pasta mwenyewe aliuita "mkono wa upole". Na mimi nilikaa pale miguu yangu ndani ya maji ya baridi, nikasikia kitu ambacho sikukipenda.

Nimemsikiliza msimu mzima. Mwanzoni sikuwa na masikio, sasa ninayo. Karimi akijizuia, anagusa uzi, anauacha uishe wenyewe, na kile kimya kinachofuata kimejaa, kama chungu kilichofunikwa. Leo alikuwa anagusa na kukimbia. Kila sauti ilikatwa mkia. Kimya kilikuwepo lakini kilikuwa kitupu. Alikuwa anagusa nyuzi vile mtu anavyoonja uji wa moto kwa ncha ya kidole. Hakuwa anajizuia. Alikuwa anaogopa. Mtu asiyejua angedhani ni kitu kimoja, kwa sababu vyote viwili ni vya polepole.

Na watu walikuwa wanamwitikia "Amina" kwa hofu yake.

Nyumbani nilimwambia anyooshe mkono wa kushoto. Vidole vitatu vina alama nyeusi ndogondogo kwenye ncha, kama vya mtu aliyeokota kaa la moto.

"Hutapiga tena pale."

"Mami, imebaki Jumapili moja."

"Hutapiga."

"Na Meru?"

Nikamwambia kile ambacho sikuwahi kumwambia mtu yeyote: "Mimi nilidanganya kanisa zima kwa sababu nilipenda vile walinitazama. Meru ni uwongo wangu, si kazi yako."

Alilia. Alilia kwa sauti ndogo, hata kwa kulia anajizuia. Nilimshika kichwa mpaka sufuria ikaungua.

Jumanne, 21 Novemba

Nimekwenda kwa Pasta na Mzee Rwamba pamoja, nikasema mbele yao: haikuwa Roho, ni stima, na mimi ndiye nilianzisha. Pasta aliangalia chini. Mzee Rwamba alisimama.

"Kwa hivyo mimi ni muuaji."

"Mzee, sijasema hivyo."

"Umesema plagi yangu."

Akaagiza spika ibebwe nyumbani kwake. Akaiwasha sebuleni, kwenye sakafu ya mbao, amevaa viatu vyake vya ngozi. Akaweka kiganja chote juu ya chuma nyuma, akaniangalia. Hakuna kitu. Akaita wajukuu waone. Hakuna kitu.

"Mama Karimi," akasema, "wivu ni ugonjwa. Uliona mtoto wako hawezi kupiga mbele ya Askofu, ukatafuta sababu. Gitobu atapiga. Gitobu haogopi."

Nilimwambia avue viatu, asimame nje kwenye matope, ndipo ashike. Akasema hawezi kuambiwa avue viatu na mwanamke kwenye boma lake.

Jioni Lorna alikuja. Nilidhani amekuja kucheka. Alikaa, akakunywa chai vikombe viwili, akasema, "Jogoo wangu hakuwa na kideri."

"Hakuwa nacho."

"Nilijua," akasema. "Lakini ningesema nini?"

Ijumaa, 24 Novemba

Nimempata Gitobu sokoni. Nimemwambia yote. Amenisikiliza kwa heshima, ni kijana mzuri ukimwondoa kwenye gitaa. Akasema, "Mama, mimi nikishika gitaa, linaniogopa." Nimemwambia ashike kidogo. Akacheka: "Mama, hiyo ni ya Karimi. Mimi najua kushika tu."

Mvua haijasimama siku tano.

Jumapili, 26 Novemba

Nisameheni mwandiko.

Tulikwenda. Karimi alisema tukikaa nyumbani watasema tumekimbia. Nilivaa gambuti zangu za mpira za shamba, na watu walinitazama kwa sababu wote walikuwa wamevaa vizuri kwa ajili ya Askofu. Tulikaa karibu na mlango. Kutoka mlangoni mpaka mbele, simiti yote ilikuwa inang'aa. Maji yalikuwa yamepanda madhabahuni. Mashemasi walikuwa wametandika zulia jekundu ili Askofu asione, na zulia lilikuwa limekunywa maji, limekuwa jeusi.

Askofu alivua viatu. Pasta alivua. Gitobu alivua, akapanda zuliani na gitaa jipya la kanisa, la rangi nyekundu, akalichomeka kwenye ile spika ya Mzee iliyorudishwa.

Alianza kama kawaida yake. Kuchapa, kuchapa, bila pumzi. Na sasa naandika dhambi yangu: nilifurahi. Niliinama kwa Karimi nikanong'ona, "Sikia, anapura mtama." Nilitaka Askofu asikie jinsi anavyopiga vibaya. Kwa muda huo nilisahau maji.

Wimbo wa pili. Alichapa, akachapa, halafu ikatoka sauti moja. Moja tu. Ikakaa. Ikaendelea kukaa, na mngurumo chini yake ukapanda. Bega lake lilikuwa linatetemeka, shingo imenyooka, uso umeangalia mabati. Mtu wa mbele akapiga kelele, "Roho!" Kanisa zima likasimama, mikono juu, "Roho! Roho!" Neno langu. Walikuwa wanalitupa juu neno langu mimi.

Nami nilisimama nikasikiliza ile sauti. Gitobu hajawahi kuacha sauti moja ikae tangu azaliwe. Hana hiyo subira. Hangeweza kujifunza kungoja kati ya Ijumaa na Jumapili.

Hakuwa anaishikilia. Ilikuwa imemshika.

Karimi alikuwa ameshaelewa, ameanza kukimbia, na amevaa viatu vya kitambaa. Nilimvuta nguo nikamwangusha kwenye benchi. Sijawahi kumpiga mtoto huyu, lakini nilimwangusha. Nikapita katikati ya watu nikisukuma. Mtu alinishika mkono, "Mama Karimi, usizime Roho!" Nikamsukuma. Nilipanda madhabahuni na gambuti zangu zenye matope ya shamba, mbele ya Askofu, juu ya zulia, na nikasikia sauti za wanawake wakishtuka, si kwa ajili ya Gitobu, kwa ajili ya viatu vyangu. Pasta alikuwa amenyoosha mkono kumwekea Gitobu kichwani.

"Usimguse!" Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga hata nikizaa. "Pasta, utakufa! Usimguse!"

Mkono wa Pasta ulibaki hewani. Ekstensheni ilikuwa nyuma ya pazia. Nilishika ule mpira wa plagi, nikavuta.

Ile sauti ilikatika. Gitobu alianguka kama gunia lililokatwa kamba. Kukawa na mvua tu juu ya mabati.

Nilipiga magoti kando yake. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa bado vimefunga shingo ya gitaa, na ilibidi mimi na Karimi tuvifungue kimoja kimoja. Kulikuwa na harufu, sitaiandika. Karimi aliweka sikio kwenye kifua chake. Kanisa zima, na Askofu, na Mzee Rwamba aliyekuwa amesimama mdomo wazi, wakangoja msichana wangu aseme.

"Kidogo," akasema. "Kidogo sana. Leteni gari."

Jumatatu, 27 Novemba

Gitobu anapumua. Amepelekwa Embu. Mkono wa kushoto daktari hajasema.

Hakuna mtu amekuja hapa isipokuwa Lorna. Amepalilia nami mistari minne.

Alhamisi, 30 Novemba

Pasta alikuja. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, amevivua nje kwa matope, akasema hatavivaa madhabahuni wala hatavivua tena kabla ya kujua. Sikumwelewa vizuri na nadhani naye hakujielewa. Alilia. Nilimpa chai.

Habari ya Meru hakuna aliyeitaja. Karimi amerudi kwenye fotokopi. Gitaa liko juu ya kabati na hajalishusha. Nyuzi za Abdimalik bado ziko kwenye karatasi.

Jumamosi, 2 Desemba

Ndengu zimetoa maua ya manjano shamba zima. Ningekuwa mimi wa Oktoba ningeujaza ukurasa huu kwa maua.

Lakini asubuhi nilikutana na mke wa Mzee Rwamba kisimani. Nikamuuliza ile spika iko wapi, kwa maana nilidhani imetupwa. Akasema mzee hakutaka kuiona tena bomani, wala hakutaka iharibike, ni kitu kizuri. Ameitoa sadaka. Ilibebwa jana, kwa kanisa jipya upande wa Runyenjes. Jina la kanisa hajui. "Wamefurahi sana," akasema. "Kesho ndiyo wanaizindua."

Nikamuuliza kama mzee aliwaambia habari ya mguu uliokatwa.

Aliangalia ndoo yake. "Unajua mzee."

Upande wa Runyenjes makanisa ni mengi kuliko mashina ya kahawa. Karimi amepiga simu tano tangu saa nne, hakuna anayelijua. Ameshusha gitaa kutoka juu ya kabati. Nikamuuliza la nini, akasema, "Mgeni mwenye gitaa hazuiwi mlangoni. Na nikiingia mahali wanapiga, nitajua kwa sikio kama ni spika ile. Ule mngurumo naujua."

"Utaingia na viatu?"

"Vya mpira, Mami."

Mdomo huu ulipeleka jina la Roho mpaka Runyenjes bila nauli, kwa Jumapili moja tu. Sasa utapeleka jina la plagi. Tutalala kwa mmoja wa wale wanawake wawili walionishika mkono mwezi wa kumi wakisema wamesikia habari zangu, na kesho alfajiri tutaanza mlango kwa mlango, kanisa kwa kanisa, watu wacheke wakitaka.

Gambuti ziko mlangoni, jozi mbili. Mawingu yameshuka yamegusa vilima vya Kiang'ombe, na huko juu tunakokwenda, Lorna anasema, imeshaanza kunyesha.